Ukweli wangu una watu ndani yake

Kuanzia Julai 2018 serikali yetu hapa Uganda ilitutoza shilingi 200 kwa siku ili tufungue WhatsApp, Facebook na Twitter. Tuliiita OTT. Wengi hawakujua herufi hizo ni kifupi cha nini. Walijua tu kwamba usipolipa, simu inabaki kuwa tochi. Kodi ile iliondolewa katikati ya mwaka 2021, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya bando. Na Januari ya mwaka huohuo, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa. Tangu hapo anayeitaka anapita kwa VPN.

Kwa hiyo tumejenga mazoea ya ajabu. Mtu anawasha kwanza programu ya kuficha alipo, mtandao uamini kwamba yuko Uholanzi, halafu anaingia na kuwatangazia watu wote, kwa jina lake kamili na picha yake, kwamba mumewe hajalala nyumbani tangu Ijumaa. Tulilipa kodi ili tujianike. Nacheka, lakini na mimi nimo.

Kuna ukweli ambao unaweza kukufunga hapa kwetu, ule wa kuwasema wakubwa. Dakta Stella Nyanzi alihukumiwa mwaka 2019 kifungo cha miezi 18 kwa shairi aliloliweka Facebook kuhusu Rais. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikitupilia mbali kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, kile cha mawasiliano ya kuudhi. Hayo yana waandishi wake, wenye mawakili. Mimi nina cherehani. Ninaoutaka leo ni ule ukweli mwingine, wa nyumbani, usiompeleka mtu gereza la Luzira lakini unaweza kumfanya asiitwe tena kwenye shughuli za mashemeji.

Kwa wasionijua: nashona nguo Kiyembe, katikati ya Kampala, gomesi hasa, yale magauni ya heshima ya wanawake wa Uganda, na sare za shule Januari inapokaribia. Baba yangu alikuwa polisi kutoka Koboko, mama Mnubi wa Bombo, na mimi nilikulia kambi ya polisi ya Nsambya. Kambini jirani wa kulia Mteso, wa kushoto Mgisu, wa mbele Mwacholi, na sote tulicheza, tukagombana na kuazimana chumvi kwa Kiswahili. Nimeolewa Busoga, kwa watu wazuri ambao, kama Waganda wengi wa umri wao, wanakijua Kiswahili kama lugha ya askari na ya wezi. Mama mkwe akinisikia nikiongea na dada zangu kwenye simu huuliza kama kuna mtu amekamatwa.

Nilipoanza kuandika mambo yangu mtandaoni, Kiswahili kilikuwa pazia, na nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Ningeandika Kiingereza, mashemeji wote wangesoma kabla ya chai ya saa nne. Kwa Kiswahili nilisomwa Mombasa, Tanga, Bukavu, na Iganga, ukweni kwangu, hakuna aliyejisumbua. Nikaandika kwa raha. Niliandika juu ya ujauzito ulioharibika, juu ya mwaka ambao mimi na mume wangu tulikuwa tukisalimiana tu, juu ya kutoipenda kazi yangu. Na juu ya mwanangu.

Pazia lilidumu mpaka mpwa wa mume wangu, kijana wa chuo kikuu, alipofungua nilichoandika na simu yenyewe ikamuuliza kama angependa kusoma kwa Kiingereza. Akakubali. Kisha akamsomea bibi yake kwa Kisoga, akiruka mahali ambapo haya ilimzidi, na nasikia aliruka pachache. Kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa umenisoma.

Ajabu, ya ndoa hayakumkera mtu. Ukweni kwangu wanajua kwamba watu waliooana hununiana. Kilichowasha moto ni sentensi moja ambayo mimi niliiona ya kawaida kabisa, kwamba mtoto wetu ana selimundu. Sikoseli, tunavyoiita hapa.

Ugonjwa huu wa damu mtoto haokoti njiani. Anazaliwa nao baada ya kupewa nusu na baba na nusu na mama, na kila mmoja wao anaweza kuwa mzima kabisa, anabeba tu bila kuumwa wala kujua. Wakikutana wabebaji wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mgonjwa. Nchini kwetu wabebaji si wachache: uchunguzi wa sampuli za damu za watoto wadogo, karibu 100,000, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta asilimia 13.3 wamebeba na asilimia 0.7 ni wagonjwa, na Busoga ni kati ya sehemu zilizokuwa juu. Sasa rudi kwenye sentensi yangu. Kusema mwanangu ana sikoseli ni kusema mimi nimebeba, mume wangu amebeba, na mmoja wa wazazi wake, akiwa hai au kaburini, alibeba. Na kila ndugu yake wa tumbo moja ana nusu kwa nusu ya kubeba, au zaidi. Jina la mtu sikutaja. Sikuhitaji kutaja.

Wifi yangu wa mwisho alikuwa kwenye maandalizi ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe. Vitenge vimeshanunuliwa, idadi ya mbuzi imeshajadiliwa. Upande wa bwana harusi, senga mmoja, yaani shangazi, akapata habari, na swali likapelekwa kwa upole wa kikwetu, yaani kupitia watu wanne, kwamba hivi bibi harusi amepima?

Akanipigia.

"Mulamu," alisema, yaani wifi, bila hata kuniuliza nimelalaje, na Msoga akiacha salamu ujue mambo yameharibika. "Hiyo damu uliyoitangaza ni ya kwako?"

"Ni ya mwanangu."

"Na mwanao aliipata wapi?"

Nilikuwa na pini mdomoni, nikazitoa moja moja ili nipate muda. Jibu nilikuwa nalo, somo lote la wabebaji nililokwisha kuwaeleza wasomaji wangu wa Tanga. Lakini yeye alikuwa amelielewa vizuri kuliko wote. Ndiyo maana alikuwa amepiga.

"Ningepima," akasema. "Mchungaji mwenyewe angetuambia tupime. Ila ningekwenda nikiwa natafuta kujua. Sasa naenda kujitetea."

Akapima. Majibu yake si ya kuandikwa na mimi. Kama mnataka kujua kwanjula ilifanyika au haikufanyika, mwulizeni mwenyewe, na namba yake hamna.

Hapa ndipo wengine wangetegemea niseme kwamba nilijuta, nikaapa kunyamaza. Hapana. Baada ya maandishi yale aliniandikia mama mmoja wa upande wa Tororo. Mtoto wake wa miezi minane alikuwa amevimba vidole vya mikono na miguu, vimekuwa kama ndizi za bogoya, analia usiku kucha, na nyumbani walikuwa wameshamaliza waganga wawili na maombi ya mkesha. Nilikuwa nimeandika kwamba mikono na miguu ya kichanga kuvimba huwa mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza. Akampeleka kupima. Mtoto anapewa dawa ya foliki kila siku, anaepushwa baridi, anaepushwa malaria, anakunywa maji mengi, na daktari ameshazungumza na mama yake kuhusu dawa ya hidroksiurea. Kama ningenyamaza kwa ajili ya kwanjula, yule mtoto angekuwa bado anakandwa kwa majani. Sijui ni wangapi tumewazika tukisema wamelogwa, watoto waliokuwa na ugonjwa wenye jina na kipimo.

Wifi yangu na yule mama hawajuani. Ila kila nikishika simu niandike, wote wawili wapo.

Watu wa umri wangu wakitetea uwazi mtandaoni hawakawii kumtaja Philly Lutaaya. Na mimi nitamtaja, lakini kwa sababu tofauti. Mwaka 1989 nilikuwa mtoto. Kambini wanaume walikuwa wakikonda, tukiambiwa wamehamishwa, halafu linapita gari lenye jeneza. Silimu, yaani UKIMWI, haikuwa ikitajwa. Walisema "ule ugonjwa", na wengine wakaonyesha kidole kidogo tu, kimesimama peke yake, kuonyesha wembamba. Ndipo akatokea Lutaaya, mwanamuziki mkubwa aliyekuwa akiishi Sweden, akarudi nyumbani na kusema hadharani kwamba ana UKIMWI. Nakumbuka redio ya afande mmoja imewekwa juu ya mtungi, na wanaume wenye bunduki wamesimama kuizunguka kama wanangoja amri. Mmoja akasema Lutaaya anatafuta tu kuuza kanda zake. Wengi walisema hivyo wakati ule. Lutaaya alikwenda mashuleni na makanisani, akasimama mbele ya watu huku mwili ukimwisha, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo akafariki.

Nikiwasikia vijana wa TikTok wakisema "hata Lutaaya alisema", nataka kuwauliza alisema ya nani. Alisema ya mwili wake. Na alipeleka uso wake pale pale aliposemea, mtu akitaka kumtukana amtukane akimtazama, akitaka kumwuliza amwulize. Miaka miwili kabla yake, 1987, Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitali ya Mulago aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, na wenzake, wengi wao wagonjwa wenyewe. Pale walianza kwa kukaa chumbani, watu wachache wanaojuana hali, wanaambiana. Watu wanaitaja TASO kama mwanzo wa Uganda kuwa wazi, na ni kweli, lakini naona tunasahau kile chumba. Kilikuwa na mlango.

Sisi Nsambya mlango ulikuwepo kwa jina. Familia nyingi zililala kwenye unipoti, vile vibanda vya bati vya duara, na bati halifichi kitu. Uliijua ndoa ya jirani kuliko jirani mwenyewe. Ila kulikuwa na adabu yake, na hii sijaiona ikiandikwa mahali popote. Nyumba moja wakianza kugombana, mama yangu aliinuka, hakusema neno, akaongeza sauti ya redio. Wa upande wa pili naye akaongeza. Ikawa redio zinapanda mstari mzima, moja baada ya nyingine, nyimbo za dini huku na taarifa ya habari kule, mpaka ugomvi ukafunikwa. Asubuhi yule mama aliyepigiwa kelele usiku anapita na ndoo, anasalimiwa kama jana, anaulizwa kama ana chumvi. Tulijua yote. Na yeye alijua kwamba tunajua. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba mgeni akipita angedhani kambi ina sherehe.

Sina haja ya kuwaambia skrinishoti haina adabu hiyo. Kinachonisumbua zaidi ni chumvi. Aliyesikia siri yako kambini kesho angekuhitaji, au wewe ungemhitaji, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kuitunza. Aliyenisoma Dar es Salaam hanidai wala simdai. Naweza kumpenda, na wengi nawapenda, wamenifariji kuliko ndugu, lakini hatutakutana bombani.

Basi siku hizi napima tofauti. Zamani nilijiuliza, je, ni kweli, na je, naweza kuvumilia wakijua? Nikajibu ndiyo na ndiyo, nikabonyeza. Sasa naipitia habari na kuhesabu watu. Nani mwingine yumo? Ujauzito ule ulioharibika ulikuwa wa mume wangu pia, na baada ya miaka nikagundua kwamba yeye hakuwa ameuzungumza na mtu hata mmoja, ila wasomaji wangu Bukavu waliujua. Nikamwuliza. Akasema niuache, ameshauzoea. Akasema pia kwamba aliusoma kupitia tafsiri ya simu na ndipo akajua nilivyojisikia, maana nyumbani sikuwa nimemwambia. Hilo nalo sijui niliweke wapi.

Mambo ya pesa nilidhani ni yangu peke yangu. Nina mkopo wa sako, chama cha akiba na mikopo, nilikwama, nikataka kuandika wazi kabisa, kiasi na riba, kwa sababu wanawake wa Kiyembe tunazama kwenye madeni tukiwa tumevaa vizuri. Nikafika katikati nikakumbuka wadhamini. Wawili, wameweka akiba zao juu ya jina langu, mmoja mumewe hajui. Nikaandika kuhusu riba bila kutaja sako yenyewe wala mwezi. Ilikuwa makala dhaifu. Bora dhaifu.

Msinielewe vibaya, simtaki mtu wa picha za keki tu. Kuna ukweli usio na mtu mwingine, au wenye watu ambao hawana haki ya kufichwa. Mwanamke anayepigwa akiambiwa atunze siri ya nyumba, hiyo si siri yake. Mteja mkubwa mkubwa aliyechukua gomesi kumi na mbili za harusi na kukataa kulipa, niliandika habari zake bila jina, na niliacha maelezo ya kutosha akijisoma ajijue. Nilifurahi. Bado nafurahi.

Sasa mwanangu. Yuko sekondari, sauti imevunjika, ananizidi urefu. Mwaka huu alikuja kibandani akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akasema wenzake shuleni wamepata yale niliyoandika akiwa mdogo. Si ya sikoseli. Hiyo haifichi, walimu wanajua, anashika chupa yake ya maji popote. Ni mambo mengine niliyoyaeleza, ya mtoto mgonjwa usiku, kwa nia njema, ili akina mama wajue wasiogope. Ni yapi, sitasema. Nikisema nitakuwa nimeyaandika upya. Aliniomba niyaondoe na nikayaondoa akiwa amekaa palepale, nikimwonyesha kila moja linapotoka.

Kwa sheria sikulazimika. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 inataka ruhusa ya mzazi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto, na marekebisho ya sheria ya kompyuta ya mwaka 2022 nayo yalizungumzia kusambaza habari za mtoto bila ruhusa ya mzazi au mlezi. Mzazi ni mimi. Nikajipa ruhusa tangu alipokuwa na miaka mitano, na hakuna afisa ambaye angeniuliza.

Na kufuta ni kufuta kwangu tu. Yale maandishi yamenakiliwa kwenye makundi ya WhatsApp ya akina mama wa watoto wenye sikoseli, yanazunguka, mengine bila jina langu, mengine yamebadilishwa mtoto amekuwa wa kike. Nilimwambia. Akasema yule wa kike hamjui, aendelee.

Hii niliyoandika leo alipewa rasimu aisome kabla. Alikata aya mbili na hamtaziona. Niliweka pia jambo ambalo sikuwa nimemwuliza ana kwa ana, kwamba tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani, aliweka kwenye stetasi yake picha ya mkono wake wa kushoto ukiwa na dripu, na maneno yake mwenyewe chini, na akaichagulia watu wa kuiona na mimi hakunichagua. Niliambiwa na msichana ninayemfundisha kushona, ambaye ana namba yake. Maneno yalikuwa nini sikumwuliza yule msichana, ingawa niliona anataka kuniambia.

Rasimu ikarudi. Aya hiyo hakuikata. Alifuta neno "kushoto" tu, akaandika "kulia".